Makarov na meli yenye mabwana wawili

Mwaka jana, katika somo la tafsiri, profesa wetu alitugawia kurasa za Kifaransa kuhusu utafiti wa bahari, kila mwanafunzi na ukurasa wake. Wangu ulikuwa na neno brise-glace mara saba. Nilifungua kamusi zote mbili za maktaba yetu, nikatoka mikono mitupu. Basi niliandika meli ya kuvunja barafu, na nilipochoka kulirudia jina hilo refu nikalifupisha kuwa mvunja-barafu. Darasa zima lilicheka. Kwetu sisi barafu ni ile ya kwenye friji, ile ambayo akina mama wa sokoni wanaipasua kwa nyundo na kuitia kwenye ndoo ili vinywaji vipoe. Sasa meli inaingiaje hapo?

Profesa hakucheka. Aliniuliza kama namjua mtu aliyejengesha meli ya kwanza ya namna hiyo kwa ajili ya bahari ya mbali ya kaskazini, nami sikumjua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsoma kidogo kidogo, na leo naomba nafasi katika jarida letu nisimulie maisha yake. Ni Stepan Osipovich Makarov, admirali wa Urusi, aliyekufa mwaka 1904. Wengi wanamkumbuka kama mpiganaji. Mimi nimevutwa na jambo jingine: karibu maisha yake yote alitafuta njia ya kuzifanya meli za serikali zibebe kazi mbili kwa pamoja, ile ambayo serikali imezituma na ile ya elimu. Mara mbili alifaulu. Mara ya tatu, iliyokuwa kubwa kuliko zote, alishindwa, na baada ya kusoma sana naona kwamba sehemu ya kosa ilikuwa yake mwenyewe.

Alizaliwa mwanzoni mwa Januari 1849 katika mji wa Nikolaev, karibu na Bahari Nyeusi. Leo mji huo unaitwa Mykolaiv na uko Ukraine. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa majini aliyepanda cheo polepole kutoka chini kabisa. Mtoto alipofika umri wa miaka tisa hivi, familia ilihamishiwa upande wa pili wa dola, Nikolaevsk kwenye mto Amur, karibu na Bahari ya Pasifiki. Huko aliingia shule ya waongoza njia, watu wa ramani, dira na nyota. Ni vizuri msomaji aelewe maana ya jambo hilo. Katika jeshi la majini la Urusi ya siku zile, maofisa wa amri walitoka katika jamaa za makabaila. Mwongoza njia alikuwa mtu wa kazi. Alifika cheo fulani akakwama hapo hadi uzeeni. Makarov alivuka mpaka huo kwa sababu wakubwa wake waliona alivyokuwa wa kwanza darasani, wakamwombea ruhusa ya pekee. Kwa hiyo alijifunza kupima kabla ya kujifunza kuamuru, na tabia hiyo haikumtoka.

Mwaka 1869, akiwa kijana wa miaka ishirini, alikuwa ndani ya meli ya kivita iliyoitwa Rusalka ilipogonga mwamba karibu na pwani ya Ufini. Tundu lilikuwa dogo, lakini meli nusura izame, maana maji yaliingia na pampu hazikuweza kuyafikia yalikojaa. Wengine wangeshukuru Mungu na kwenda kulala. Yeye aliandika makala ndefu akieleza jinsi meli inavyoweza kuandaliwa turubai nene, lililotiwa vipimo mapema, la kuzibia tundu kwa nje, na jinsi vyumba vya ndani vinavyopaswa kutengwa ili maji yakiingia kimoja yasisambae. Wazo la turubai hilo lilienea, nalo likachukua jina lake. Vita vya Urusi na Uturuki vya mwaka 1877 na 1878 vilimpa sifa ya namna nyingine: boti ndogo zilizotoka kwenye meli yake zilizamisha meli ya Kituruki karibu na Batumi kwa topido, na silaha hiyo ilikuwa bado mpya kabisa duniani. Habari za vita nitaziacha hapo. Vitabu vingine vinazisimulia vizuri kuliko mimi.

Ninachokipenda zaidi katika maisha yake kilitokea wakati wa amani, katika kazi ambayo ofisa mwingine angeiona kama likizo. Mwaka 1881 alipewa amri ya Taman, meli iliyowekwa Constantinople kumtumikia balozi wa Urusi. Kazi yake ilikuwa kukaa. Meli inatia nanga, inasubiri balozi aihitaji, na balozi haihitaji mara nyingi. Mabaharia wanapiga deki, wanapaka rangi, wanapiga tena deki.

Mbele ya meli hiyo palikuwa na mlango-bahari wa Bosporus, ambao maji ya Bahari Nyeusi yanapitia kwenda kusini kuelekea Mediterania. Kila mtu aliona kwamba maji ya juu yanakwenda upande mmoja siku zote. Wavuvi wa Kituruki walijua zaidi: nyavu zikishushwa chini sana zinavutwa upande wa pili. Mwitaliano Luigi Marsigli alikwisha kuisikia habari hiyo na kuipima mwaka 1679, lakini miaka mia mbili baadaye bado palikuwa na wataalamu waliobisha. Makarov alichukua mashua ya meli yake, akaenda katikati ya mkondo, akashusha pipa lililotiwa uzito na kufungwa kamba. Pipa lilipokuwa karibu na uso wa maji lilikwenda pamoja na mkondo. Liliposhuka zaidi, kamba iliinama upande wa pili, na mara mashua nzima ikaanza kuvutwa kinyume cha maji yaliyokuwa yakipita ubavuni mwake. Najaribu kuziona nyuso za wale mabaharia wenye makasia mikononi, wakipelekwa na kitu wasichokiona.

Baada ya pipa alibuni chombo chake mwenyewe cha kupimia kasi ya mkondo, akachota maji kutoka vina mbalimbali, akapima joto na uzito wake, siku baada ya siku, kwa meli ambayo kwa hesabu za serikali ilikuwa haifanyi lolote. Jibu lake ni rahisi kulieleza. Bahari Nyeusi inapokea mito mikubwa kama Danube na Dnieper, hivyo maji yake ya juu yana chumvi kidogo na ni mepesi. Yanatoka kwa juu. Maji ya Mediterania yana chumvi nyingi, ni mazito. Yanaingia kwa chini. Wanafunzi wenzangu wanaotoka kando ya Ziwa Kivu hawatashangaa sana, kwa kuwa ziwa lao nalo lina maji mazito yaliyolala chini ya mepesi bila kuchanganyika. Kitabu chake juu ya kubadilishana maji kwa bahari hizo mbili kilitoka mwaka 1885, na Akademia ya Sayansi ya Urusi ikampa tuzo. Balozi hakupoteza chochote. Meli ilikuwapo kila alipoitaka.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Ya pili ilidumu miaka mitatu. Kuanzia 1886 hadi 1889 Makarov aliizungusha dunia kama nahodha wa Vityaz, meli ya kivita yenye matanga na mvuke. Serikali ilimtuma kuonyesha bendera, kufundisha vijana wa jeshi na kutumika katika maji ya Pasifiki. Yeye aliongeza kipimajoto. Popote meli ilipopita walipima joto la maji na uzito wake, juu na chini, na yote yakaandikwa daftarini. Alikuwa na kanuni aliyoirithi kwa waongoza njia wa zamani: kinachoonekana kinaandikwa, kisichoonekana hakiandikwi, hata kama mtu ana hakika nacho. Alipingana pia na desturi ya kusahihisha namba za daftari baadaye ili zipendeze. Aliporudi alikusanya pia madaftari ya meli nyingine zilizopita bahari hiyohiyo, akalinganisha, na mwaka 1894 akatoa kitabu cha juzuu mbili kuhusu Vityaz na Bahari ya Pasifiki, kilichochapishwa kwa Kirusi na Kifaransa pamoja. Sisi wa kitivo cha lugha tutambue hapo uamuzi wa tafsiri: alitaka kusomwa nje ya Urusi, akahakikisha mwenyewe kwamba lugha ya pili iko ndani ya jalada lilelile. Jumba la makumbusho la bahari lilipojengwa Monaco, jina la Vityaz lilichongwa ukutani pamoja na majina ya meli nyingine mashuhuri za utafiti.

Angalia sasa kitu kinachofanana katika habari hizi mbili. Nahodha na mwanasayansi walikuwa mtu mmoja. Makarov alipotaka meli isimame saa moja ili ashushe chupa ya kuchotea maji, hakumwomba mtu. Alijiomba mwenyewe, akajikubalia.

Miaka ya 1890 wazo jingine lilimshika. Mnorwe Fridtjof Nansen alikuwa ameiacha meli yake Fram igandishwe na barafu ya Bahari ya Aktiki ili ipelekwe na barafu yenyewe, na jaribio hilo, lililochukua miaka mitatu hadi 1896, likamletea heshima dunia nzima. Makarov alimheshimu Nansen, lakini hakupenda kupelekwa. Aliona kwamba pwani ndefu kuliko zote za Urusi iko kaskazini, nayo imefungwa na barafu kama nyumba ambayo mlango wake umeegemewa na jiwe. Mwaka 1897 alitoa hotuba St. Petersburg akieleza kwamba meli yenye nguvu ya kutosha inaweza kwenda hadi Ncha ya Kaskazini moja kwa moja kwa kuvunja njia yake. Kiangazi cha mwaka huohuo alisafiri hadi mto Yenisei kujionea bahari ya huko kwa macho yake.

Lakini nani atalipa? Wizara ya majini haikutaka. Haikuona meli kama hiyo ingelifaa nini jeshi. Hapo ndipo akamwendea Sergei Witte, Waziri wa Fedha, mtu wa reli na biashara. Witte hakujali sana Ncha ya Kaskazini. Alijali bandari ya St. Petersburg, ambayo kila mwaka ilifungwa na barafu kwa miezi mingi, na mito mikubwa ya Siberia iliyokosa njia ya kutoa bidhaa zake. Wakaelewana: wakati wa baridi meli itafungua njia za biashara katika Bahari ya Baltiki, na kiangazi itakwenda kaskazini kutafuta njia ya Siberia, ikiwa na wanasayansi ndani. Mkemia mashuhuri Dmitri Mendeleev, yuleyule wa jedwali tulilokariri sekondari, aliunga mkono na kukaa katika tume iliyopanga jinsi meli itakavyokuwa.

Meli ilijengwa Newcastle, Uingereza, katika kiwanda cha Armstrong Whitworth, ikashushwa majini Oktoba 1898 na kupewa jina la Yermak, yule mkozaki aliyewatangulia Warusi kuingia Siberia katika karne ya 16. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 98, uzito wa karibu tani 8,000 na injini zenye nguvu ya farasi 10,000. Niliposoma kwanza nilidhani inakata barafu kama kisu. Sivyo. Omo yake, yaani sehemu ya mbele (watu wa pwani ndio wenye maneno haya, omo mbele na tezi nyuma, nami nimeyakopa), imelala kwa mshazari chini ya maji. Injini zinaisukuma meli, omo inapanda juu ya barafu, na uzito wa meli unaipondaponda kutoka juu. Ndani palikuwa na matangi ya kuhamishia maji ili meli iweze kujiinamisha ikikwama, na vyumba vingi vilivyotengwa kwa kuta imara. Kijana wa Rusalka hakuwa amesahau.

Kitu kimoja katika umbo la meli hiyo kinanifanya nitue hapa. Mbali na rafadha tatu za nyuma, Yermak iliwekewa rafadha ya nne mbele, chini ya omo. Makarov aliipata fikra hiyo kwa Wamarekani, ambao katika Maziwa Makuu yao walikuwa na vivuko vya namna hiyo: rafadha ya mbele inavuta maji chini ya barafu, barafu inakosa cha kuegemea, inavunjika kwa urahisi. Kwa barafu laini ya maziwa na ya Baltiki ni dawa nzuri. Barafu ya Aktiki ni kitu kingine. Imekaa miaka, imebanwa na kupandana hadi inakuwa vilima. Kwa hiyo kabla hata ya kuondoka kiwandani, mwili wa Yermak ulikuwa umekwisha kugawanywa kati ya mabwana wawili. Mbele ilijengwa kwa ajili ya Witte, nayo ndiyo ingegonga kwanza barafu ya Makarov.

Mwanzo ulikuwa sherehe. Machi 1899 Yermak ilipita Ghuba ya Ufini iliyoganda, ikaingia Kronstadt huku watu wakiikimbilia kwa miguu na kwa vigari vya farasi juu ya barafu ileile iliyokuwa ikiipasua. Baada ya siku chache ikaenda Reval, mji ambao leo ni Tallinn, ikazitoa meli za biashara zilizokuwa zimefungwa na barafu. Wafanyabiashara walifurahi. Witte alifurahi.

Wakati huohuo ugomvi ulikuwa ukipikwa. Mendeleev alikuwa amejiandaa kwa safari ya kiangazi akiwa na wasaidizi na vyombo vyake. Alitaka mambo ya elimu, pamoja na kuchagua njia ya kupita, yawe mikononi mwake au angalau yaamuliwe na wote wawili. Makarov alikataa. Melini, alishikilia, sauti ni moja. Mendeleev akajitoa pamoja na watu wake.

Nimekaa na habari hii muda mrefu. Mtu wa bahari atasema Makarov alikuwa na haki, kwa kuwa barafu ikianza kubana hakuna nafasi ya kuitisha mkutano. Ni kweli. Lakini njia ya kupita haiamuliwi wakati barafu inabana. Inaamuliwa mezani, miezi mingi kabla, na hapo palikuwa na nafasi ya watu wawili. Nadhani Makarov hakuona tatizo kwa sababu tangu Taman hadi Vityaz hajawahi kuwa mgeni katika meli ya mtu mwingine. Hakujua jinsi mtafiti anavyojisikia anaposimama kando na vyombo vyake, akimtazama nahodha ageuze usukani. Na kwa kumpoteza Mendeleev alipoteza mtu ambaye neno lake lilikuwa na uzito kwa Waziri wa Fedha. Siku za shida zilipofika, hakuwa na mwenzake wa kumtetea.

Shida zilifika upesi. Juni 1899, karibu na visiwa vya Spitsbergen, Yermak iliingia katika barafu nzito, mwili wake ukatetemeka na kuanza kuvuja. Ikabidi irudi Newcastle, ambako rafadha ya mbele iliondolewa. Kiangazi hichohicho ikarudi kaskazini, ikafika latitudo ya nyuzi 81 na dakika 28, kisha ikagonga kilima cha barafu na kupata tundu. Kati ya ajali hizo mbili wanasayansi waliokuwa ndani walifanya kazi isiyokuwa imefanywa na mtu kwa meli inayotembea: walipima ugumu wa barafu, chumvi yake, joto lake, na kina cha bahari iliyo chini yake. Ila gazetini tundu linasomwa haraka kuliko jedwali la namba. Tume ya wakaguzi ikaundwa chini ya admirali mwingine, Birilev, nayo ikaamua kwamba meli haifai kwa barafu ya Aktiki. Makarov alijibu kwa hasira kwamba waliohukumu hawajaiona barafu hiyo.

Halafu majira ya baridi yakampa jibu bora kuliko hasira. Mwishoni mwa 1899 meli ya kivita General-Admiral Apraksin ilikwama juu ya miamba ya kisiwa cha Hogland, katikati ya Ghuba ya Ufini. Yermak ndiyo pekee iliyoweza kuifikia miezi yote ya baridi na kuwapelekea watu wa huko makaa, chakula na vifaa. Kwa kuwa kisiwa hakikuwa na waya, Aleksandr Popov na wenzake walifunga simu ya upepo kati ya kisiwa na pwani ya Ufini, umbali wa zaidi ya kilomita 40. Mmoja wa ujumbe wa kwanza kabisa kupita hewani, Februari 1900, uliiamuru Yermak iende kuwatafuta wavuvi zaidi ya ishirini waliochukuliwa na bonge la barafu lililomeguka. Ikawapata na kuwaokoa. Hapa tena meli ya bandari, jeshi na elimu vilikutana mahali pamoja, na safari hii hakuna aliyegombana, pengine kwa sababu wavuvi hawakuweza kungoja.

Kwa sifa hiyo Makarov akapewa nafasi nyingine. Kiangazi cha 1901 aliiongoza Yermak kuelekea kaskazini mwa Novaya Zemlya. Mwezi wa Julai barafu iliibana, na kwa karibu wiki nne meli yenye nguvu kuliko zote haikuweza kwenda mbele wala nyuma. Mabaharia walichimba na kulipua. Wanasayansi, ambao sasa meli haikuwa na la kufanya isipokuwa kuwatumikia, walipima. Mapema Agosti upepo ukabadilika, barafu ikalegea yenyewe. Akaendelea hadi Franz Josef Land, akachora ramani za sehemu za pwani ya Novaya Zemlya, akarudi. Kwa pembeni niseme kwamba katika Franz Josef Land hiyohiyo, miaka michache tu iliyotangulia, alikuwa amepiga kambi Mwitaliano Luigi Amedeo, mtawala wa Abruzzi, ambaye mwaka 1906 alikuja kupanda Ruwenzori na kukipa kilele chake jina la Margherita. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kukanyaga barafu ya mpakani mwa nchi yetu alikuwa tayari amekanyaga barafu ya visiwa ambavyo Yermak ilivifikia. Sikutegemea kumkuta huko.

Aliporudi, Makarov alikuta uamuzi umekwisha. Yermak iliondolewa mikononi mwake na kuwekwa chini ya kamati ya mambo ya bandari. Kazi yake itakuwa Baltiki, kuongoza meli za biashara. Mwaka huohuo kitabu chake kuhusu Yermak ndani ya barafu kilitoka, kikiwa na makosa yake yote ndani, matundu yote na namba zote, kwa kanuni ileile ya daftari. Halafu Novemba 1901 Mendeleev akamwandikia Witte akiomba apewe Yermak yeye, aende nayo Ncha ya Kaskazini. Alikuwa na miaka 67. Naye akakataliwa. Watu wawili waliokataa kugawana meli wakaachwa wote wawili ufukoni, na meli ikienda zake kuvutia mashehena.

Makarov alikuwa sasa mkuu wa bandari ya Kronstadt. Aliendelea kuomba ruhusa ya safari nyingine ya kaskazini, bila kupewa. Mwanzoni mwa 1904 aliwaonya wakubwa wake kwamba meli za Urusi zilizoachwa nje ya bandari ya Port Arthur ziko hatarini. Hawakuzihamisha, na Wajapani wakazishambulia. Ndipo akatumwa yeye kuziongoza. Alifika huko mwezi wa Machi. Tarehe 13 Aprili 1904 meli aliyokuwamo, Petropavlovsk, iligonga mabomu yaliyotegwa majini na Wajapani, ikazama kwa dakika chache pamoja na watu zaidi ya 600. Alikufa yeye, na alikufa pia mchoraji Vasily Vereshchagin, aliyekuwa mgeni wake. Mtu aliyetumia ujana wake kufundisha jinsi meli isivyozama hakupata hata muda wa kuvuta turubai. Alikuwa na miaka 55.

Yermak iliishi kuliko wote. Mwaka 1918 iliwafungulia njia meli za Urusi zilizokimbia Helsinki katikati ya barafu. Baadaye serikali mpya, iliyohitaji njia ya kaskazini kwa mahitaji yake, iliirudisha Aktiki. Februari 1938 wanasayansi wanne wa Ivan Papanin, waliokuwa wameishi miezi tisa juu ya barafu inayotembea, waliondolewa kwenye bonge lao lililopasuka, na Yermak ndiyo iliyowapeleka hadi Leningrad. Agosti ya mwaka huo ilitumwa kufungua meli zilizogandishwa, zikiwa na watafiti ndani, ikafika nyuzi 83 na dakika 5, mbali kuliko Makarov alivyowahi kuifikisha. Ilivunjwavunjwa mwaka 1964, ikiwa na umri wa miaka 65.

Tafsiri yangu nilirudishiwa ikiwa na alama nyekundu nyingi. Neno mvunja-barafu profesa aliliacha kama lilivyo.